Strathmore: Chuo cha Kikatoliki Kilichokataa Kujiita cha Kikatoliki

Tangu Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi walipoingia Gredi ya 10, nchi yetu imerejea, bila kelele nyingi, kwenye jambo ililolizika mwaka wa 1989. Tumerudisha daraja maalumu la masomo baina ya shule ya kawaida na chuo kikuu. Daraja ambapo kijana huachana na masomo mengi, huchagua mkondo, hushika machache na kuyachimba. Wazee wetu waliliita kidato cha tano na cha sita. Sisi tunaliita sekondari pevu, na tumelipa miaka mitatu badala ya miwili. Mimi mwenyewe ni zao la 8-4-4 na sikupata kukaa katika madarasa hayo ya zamani, lakini nimefundishwa na watu waliopitia humo, na hadi leo humtambua mmoja wao kwa jinsi anavyokishika kitabu: hasubiri kuambiwa asome ukurasa gani.

Sambamba na mjadala wa mikondo umefufuka mjadala mwingine mkongwe, yaani ni nani mwenye shule. Shule nyingi zinazowapokea wanafunzi hawa zilianzishwa na makanisa, na mkono wa Kanisa Katoliki katika kazi hiyo ulikuwa mkubwa. Kwa miaka mingi maaskofu wake wamelalamika kwamba hawashauriwi ipasavyo walimu wakuu wanapoteuliwa, na kwamba shule zilizojengwa kwa jasho la waumini zimepoteza sura yake. Kwa upande wa pili, wako wazazi Waislamu, Waprotestanti na wasiofuata dini yoyote wanaouliza kwa nini mtoto aliyepangiwa shule na serikali alazimike kuhudhuria misa. Pande zote mbili hutumia maneno "shule ya Kikatoliki" kana kwamba maana yake imekwisha kukubaliwa. Haijakubaliwa. Isimu imenizoesha kuyashuku zaidi yale maneno ambayo kila mtu hudhani anayajua.

Kwa minajili hiyo nakuomba, msomaji, tuitazame historia ya chuo kimoja ambacho kilikabiliwa na swali hili mapema kuliko vingine, na ambacho jibu lake lilikuwa la ajabu kidogo. Leo jina la Strathmore likitajwa, wengi wetu huwaza chuo kikuu kilichoko Madaraka, Nairobi, pamoja na wahasibu na mabingwa wa kompyuta wanaotoka humo. Ni wachache wanaokumbuka kwamba Strathmore ilizaliwa Machi 1961 ikiwa chuo cha kidato cha tano na cha sita tu, huko Lavington, kwa ajili ya kuwatayarisha vijana wa kiume kuingia chuo kikuu. Waliokianzisha walikuwa watu wa Opus Dei, jumuiya ya Kikatoliki iliyoasisiwa Uhispania mwaka wa 1928 na padri Josemaría Escrivá, na ambayo wafuasi wake wa kwanza walifika Kenya mwaka wa 1958. Mkuu wa kwanza wa chuo alikuwa Mmarekani, David Sperling.

Uzito wa tendo hilo hauonekani mpaka tuikumbuke Nairobi ya wakati ule. Hali ya hatari ilikuwa imeondolewa Januari 1960, na mazungumzo ya Lancaster House yalikuwa yameanza mwezi huohuo, lakini shule zilikuwa bado zimegawanywa kwa rangi ya ngozi, kama ilivyogawanywa mitaa na hospitali. Wazungu walikuwa na Prince of Wales, ambayo leo ni Nairobi School, na Duke of York, ambayo leo ni Lenana. Wahindi walikuwa na Duke of Gloucester, ambayo leo ni Jamhuri. Waafrika walikuwa na Alliance iliyofunguliwa 1926, na Holy Ghost College iliyoanza Kabaa mwaka wa 1925, kisha ikahamia Mang'u na kuwalea akina Tom Mboya na Mwai Kibaki.

Na hapa ndipo penye uchungu: shule za Kikatoliki zenyewe ziliifuata mipaka hiyohiyo. Mtoto wa Mkatoliki Mzungu alikuwa na shule yake, wa Mgoa yake, wa Mwafrika yake, ingawa Jumapili wazazi wao wote walikiri kwa Kilatini kilekile kwamba wanalisadiki Kanisa moja, takatifu, katoliki. Sisemi haya kuwasuta wamisionari, maana walifanya kazi ambayo serikali ya kikoloni ilikuwa imeikwepa, tena kwa mifuko mitupu. Nasema kwa sababu ni lazima tutambue kwamba kufikia 1961 maneno "shule ya Kikatoliki" yalikuwa yamekwisha kubeba maana ya shule ya Wakatoliki wa rangi fulani.

Kwa nini basi waanzilishi wa Strathmore wakachagua kidato cha tano na cha sita, badala ya shule ya msingi kama desturi ya wamisionari, au chuo kikuu chenyewe? Wakuu wa Kanisa walikuwa wametamani chuo kikuu. Lakini tazama ramani ya elimu ya siku hizo. Chini, katika shule za msingi na za upili, watoto walitenganishwa. Juu kabisa, Makerere na katika chuo cha Nairobi kilichofunguliwa 1956, vijana wa rangi mbalimbali wangeweza kukutana. Katikati palikuwa na pengo. Makerere ilikuwa na kozi yake ya matayarisho kwa sababu shule za Waafrika zilikuwa haziwafikishi wanafunzi kwenye kiwango cha kuanza shahada, na nafasi za kidato cha tano na sita kwa Mwafrika zilikuwa haba mno. Pengo hilo lilikuwa bawaba ya mlango. Anayeshika bawaba haonekani sana, ila mlango haufunguki bila yake. Kijana wa Kiafrika, wa Kihindi na wa Kizungu wangekutana humo wakiwa na umri wa miaka kumi na minane, wangelala bweni moja, wangekula meza moja, na baada ya miaka miwili wangetoka kwenda chuo kikuu wakiwa wamekwisha kugombana na kupatana. Uhuru ulikuja tarehe 12 Desemba 1963. Wanafunzi wa kwanza wa Strathmore walikuwa ndio kwanza wamemaliza.

Escrivá, akiwa Roma, alitoa masharti manne kabla ya kazi kuanza. Chuo kiwe cha rangi zote. Kiwe wazi kwa wasio Wakatoliki na hata wasio Wakristo. Kisiwe shule ya misheni. Na kila mwanafunzi alipe kitu, hata kama ni kiasi kidogo cha kutimiza wajibu tu.

Sharti la tatu ndilo linaloniduwaza. Padri wa Kikatoliki, ambaye miaka mingi baadaye Kanisa lingemtangaza kuwa mtakatifu, anaagiza kwamba chuo kitakachoendeshwa na watu wake kisiwe cha misheni! Hakumaanisha kwamba dini iachwe nje ya lango. Kapela ilikuwapo na padri alikuwapo, na anayetaka kuungama aliungama. Alimaanisha kwamba chuo kiwe kazi ya raia wa kawaida, wahusika wakiwajibika wao wenyewe kama mwalimu au mhandisi yeyote anavyowajibika kwa kazi yake, na kwamba mwanafunzi asiingie akidhani kwamba ada ya kweli ya masomo ni ubatizo. Katika Kenya ya wakati ule dhana hiyo haikuwa ya kubuni. Neno "msomaji" katika lugha kadhaa za bara lilikuwa na maana mbili kwa pamoja, mtu anayejua kusoma na mtu aliyeingia dini. Kusoma na kubatizwa vilikuwa kitendo kimoja. Sharti la tatu lilivitenganisha.

Tazama pia majina. Shule za Kikatoliki za Kenya aghalabu hubeba jina la mtakatifu au la shirika la watawa. Strathmore ni jina la Kigaeli cha Uskoti, na maana yake ni bonde kubwa. Mwaka huohuo wa 1961, wanawake wa Opus Dei walifungua Nairobi chuo cha ukatibu cha wasichana wa rangi zote, wakakiita Kianda, ambalo kwa Kikuyu ni bonde. Bonde na bonde. Moja kwa lugha ya mlowezi, jingine kwa lugha ya mwenye ardhi. Sidai kwamba kulikuwa na mpango wa makusudi, ila ni bahati ambayo mwanaisimu hawezi kuipita kimyakimya. Hakuna hata jina moja kati ya hayo mawili linalomwambia mpita njia kwamba ndani mna Ukatoliki.

Kuna watakaosema kwamba huku ni kujificha. Shaka hiyo ni ya haki na Kanisa lenyewe limeijadili. Sheria ya Kanisa ya mwaka wa 1983, katika kanuni ya 803, inasema kwamba hakuna shule, hata ikiwa kwa hakika ni ya Kikatoliki, inayoruhusiwa kubeba jina hilo bila idhini ya mamlaka ya Kanisa. Isome tena kanuni hiyo. Inalilinda jina, lakini papo hapo inakubali kwamba shule yaweza kuwa ya Kikatoliki bila kuwa na jina. Kitu na jina la kitu vimetenganishwa, jambo ambalo sisi wanaisimu hulifundisha katika juma la kwanza la mwaka wa kwanza. Mnamo Januari 2022 idara ya Vatikani inayosimamia elimu ilitoa waraka mzima kuhusu utambulisho wa shule ya Kikatoliki, kwa sababu migogoro juu ya neno hilo ilikuwa imezidi duniani. Waraka huo unatahadharisha pande mbili: shule zinazodai kuwa na roho ya Kikatoliki pasipo mfungamano wowote na Kanisa, na shule zinazoufinya Ukatoliki mpaka asiye Mkatoliki kamili akose nafasi. Strathmore ya 1961 ingeweza kushukiwa kwa lile la kwanza. Shule zetu nyingi za leo, nionavyo mimi, zinakaribia zaidi lile la pili.

Neno lenyewe linatusaidia kidogo. Asili ya "katoliki" ni maneno ya Kigiriki yenye maana ya "kwa ujumla wote", na tangu mwanzoni mwa karne ya pili Ignasi wa Antiokia alilitumia kulieleza Kanisa. Lilikuwa neno la kukusanya. Karne zilivyopita, hasa baada ya mfarakano wa Uropa wa karne ya kumi na sita, likageuka kuwa neno la kutenganisha: huyu Mkatoliki, yule si. Maneno hufanya hivyo na hayana hatia. Lakini ni kinaya cha kupendeza kwamba chuo kilichoacha neno hilo nje ya lango ndicho kilichoitimiza maana yake ya kwanza ndani ya bweni.

Na tukiwa tungali katika maneno, "chuo" nalo lina historia ambayo haikuanzia kanisani. Katika Kiswahili cha pwani chuo kilikuwa kitabu, kisha kikawa mahali pa kusomea Kurani, na mwanachuoni hadi leo ni mjuzi wa elimu ya Kiislamu. Mtu anayesema "chuo cha Kikatoliki" amekwisha kuwaunganisha Lamu na Roma kabla hajafika mwisho wa kirai. Nalitaja hili kwa sababu ya David Sperling. Mkuu huyo wa kwanza wa Strathmore baadaye aligeukia utafiti wa historia, na tasnifu yake ya udaktari, iliyokubaliwa na Chuo Kikuu cha London mwaka wa 1988, ilihusu kuenea kwa Uislamu miongoni mwa Wamijikenda kati ya 1826 na 1933. Hadi leo anayetaka kuandika juu ya Uislamu katika bara la pwani yetu hana budi kupitia kwake. Mkatoliki aliyeongoza chuo akiwa amekatazwa kukigeuza kuwa misheni aliishia kutumia miaka mingi akisikiliza jinsi Mdigo au Mgiriama alivyoipokea dini nyingine. Kama ningetakiwa kutoa ushahidi mmoja tu kwamba masharti yale manne hayakuwa maneno ya karatasini, ningeutoa huo.

Sasa nije kwenye sharti la nne, la kulipa kitu, maana ndilo ninalolionea mashaka. Mwaka wa 1961 lilikuwa sharti la heshima. Mwafrika alikuwa amezoezwa kuwa mpokeaji, na anayepokea bure hana sauti ya kulalamika chakula kikiwa kibaya. Anayelipa, hata kidogo, ni mwenyewe. Ni hoja ambayo Harambee zetu ziliielewa vyema baadaye: mama aliyeleta yai moja kwenye mnada wa kujenga shule alikuwa na haki ya kumuuliza mwalimu kwa nini mtoto hajui hesabu. Lakini maana ya sentensi hutegemea mahali na wakati inaposemwa. "Kila mtu alipe kitu", likisemwa mwaka wa 1961 katika mji ambao mlango ulifungwa kwa rangi, lilikuwa neno la kufungua. Likisemwa leo, katika nchi ambapo ada ya chuo cha kibinafsi yaweza kummaliza mzazi aliye mwalimu wa shule ya msingi, sikio hulisikia vingine. Chuo Kikuu cha Strathmore kina misaada ya ada kwa wasiojiweza, nami silibezi jambo hilo. Hata hivyo, kaulimbiu yake ya Kilatini, iliyotolewa katika Injili ya Yohana sura ya 17, husema "Ili wote wawe wamoja", na katika kila kizazi mtu hana budi kuuliza ni akina nani waliomo katika "wote". Kizazi cha kwanza kilijibu kwa hesabu ya rangi. Mpaka mkubwa wa leo haupiti tena baina ya Mzungu na Mwafrika. Unapita baina ya mtoto wa Lavington na mtoto wa Kangemi, ambao ni majirani.

Mwaka wa 1989 ndio uliokijaribu chuo hicho. Tume ya Mackay ya 1981 ilikuwa imependekeza mfumo mpya, na Januari 1985 8-4-4 ikaanza. Kidato cha tano na cha sita vikafutwa. Mtihani wa mwisho wa kidato cha sita ulifanywa 1989, mwaka uleule ambao kidato cha nne cha 8-4-4 kilifanya KCSE ya kwanza, na makundi yote mawili yakabisha hodi kwenye milango ya vyuo vikuu kwa pamoja. Wahadhiri waliotutangulia husimulia kumbi zilivyofurika. Hayo yamesemwa sana. Lisilosemwa ni kwamba daraja lile la miaka miwili lilikuwa na utamaduni wake: masomo matatu ya kuchimbwa na moja la jumla, madarasa madogo, maktaba, midahalo, na mwalimu anayekuita kwa jina lako la ukoo kama mtu mzima. Lilitoweka pamoja na mtihani wake, na vyuo vikuu vikaachiwa kazi ya kumfundisha kijana wa mwaka wa kwanza jinsi ya kusoma peke yake. Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na naijua tabu yake.

Strathmore haikufa, kwa kuwa ilikuwa imeanza kuotesha mguu mwingine zamani. Tangu 1966 ilikuwa ikifundisha uhasibu, wakati makampuni yalipohitaji Waafrika wa kushika vitabu vya hesabu ambavyo Wazungu walikuwa wakiviacha, na mwaka wa 1982 madarasa ya jioni yakaongezwa. Ujenzi wa makao mapya Madaraka, kwenye ardhi iliyotolewa na serikali, ulianza mwaka huohuo wa 1989. Mwaka wa 1993 Strathmore na chuo cha Kianda vikaungana na kuhamia huko. Mabonde mawili yakawa moja. Kibali cha muda cha kuwa chuo kikuu kilipatikana 2002 na hati kamili 2008. Kwa maneno mengine, chuo kilichoundwa kwa ajili ya daraja moja la elimu kiliishi baada ya daraja hilo kuondolewa, na kikaendelea kujiona kuwa ni kilekile. Kama utambulisho wake ungekuwa katika aina ya masomo, ungelikuwa umekwisha 1989. Kama ungekuwa katika majengo, ungelibaki Lavington. Ulikuwa katika yale masharti, ambayo yanahamishika.

Nirudi sasa kwenye shule zetu za umma na ugomvi wa wadhamini. Chanzo chake ni cha zamani. Tume ya Ominde ya 1964 ilitaka elimu ya taifa isiyobagua kwa dini, na Sheria ya Elimu ya 1968 ikawaondoa wamisionari katika umeneja wa shule na kuwapa cheo kipya. Kwa Kiswahili wengine humwita mwenye cheo hicho "mfadhili" na wengine "mdhamini", na tofauti si ndogo. Mfadhili hutoa fadhila. Ukimaliza kumshukuru, mmeachana. Mdhamini huweka dhamana. Mambo yakiharibika, hulipa yeye. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 27, inamtaka awe yote mawili. Ashauri juu ya mtaala na vitabu, awe na wawakilishi katika bodi, asimamie ukuaji wa kiroho na kuteua kasisi kwa gharama yake mwenyewe, atoe msaada wa fedha na majengo, na adumishe maendeleo ya kiroho huku akiilinda imani ya wengine. Madaraka yenye meno, yaani kumwajiri na kumhamisha mwalimu mkuu, yako kwa Tume ya Huduma za Walimu. Naelewa kwa nini maaskofu wanahisi wamealikwa karamuni kuosha vyombo.

Wataniambia pia, na watakuwa na haki, kwamba mfano wa Strathmore hauwafai. Strathmore ilichagua walimu wake na wanafunzi wake. Wao wanapangiwa wote. Chuo kinachomchagua mkuu wake chaweza kumudu kuliacha jina, maana uhai wake umekaa ndani ya watu. Shule isiyomchagua mkuu wake hubaki na nini ila jina, sanamu ya Bikira Maria langoni na ratiba ya misa? Hoja hii ni nzito na sijaona ikijibiwa vyema na wale wanaodai kwamba makanisa yakae kando.

Hata hivyo, ugomvi unapofika mahakamani, huwa haufiki kwa sababu ya mwalimu mkuu. Hufika kwa sababu ya kitambaa cha kichwa. Kesi ya shule ya Kiwanjani, Isiolo, ambayo mdhamini wake ni Kanisa la Methodisti, ilihusu wasichana Waislamu waliotaka kuvaa hijabu. Mahakama ya Rufaa iliwaunga mkono 2016, na Januari 2019 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo kwa sababu za utaratibu, bila kulimaliza swali lenyewe. Kwa hiyo swali lingali hai katika kila shule ya mdhamini, ya Kikatoliki ikiwamo, na Katiba ya 2010, kifungu cha 32, ingali inasema kwamba hakuna atakayenyimwa nafasi katika taasisi kwa ajili ya imani yake wala kulazimishwa kutenda kinyume cha imani hiyo. Katika kifungu cha 27 maneno ya kulinda imani ya wengine yamewekwa mwishoni mwa sentensi, kama kijalizo. Waanzilishi wa Strathmore waliliweka jambo hilo mwanzoni. Sharti la kuwapokea wasio Wakristo lilitangulia kabla ya kiti cha kwanza kununuliwa, na hakuna aliyepata kusema kwamba kwa sababu hiyo kapela yao ilipungua utakatifu.

Mtazamo wangu ni kwamba maaskofu wangefanya vyema kudai kidogo na kudai kwa nguvu. Wasidai kura ya turufu katika uteuzi wa walimu wakuu, maana hawataipata, na wakiipata itawaletea kesi. Wadai kasisi mwenye elimu na saa za kutosha za kukaa na wanafunzi, tena wamlipe wenyewe kama sheria isemavyo. Wadai nafasi ya kuwafunda walimu wapya, wa dini zote, juu ya historia ya shule wanayoingia. Maana nimezuru shule zaidi ya moja ambazo mwalimu wa zamu hajui nani aliyeijenga wala kwa nini. Nayo serikali, inayowapanga watoto kwa kompyuta, ijue kwamba mtoto wa Garissa akipangiwa shule yenye kapela, kuna swali la ibada na mavazi ambalo lilipaswa kujibiwa kabla hajafungasha sanduku.

Wanafunzi walioingia Gredi ya 10 mwaka huu watafanya mtihani wao wa mwisho 2028. Miaka mitatu ni michache, na karo, maabara na upungufu wa walimu vitaimeza sehemu kubwa ya fikira za bodi. Lakini kila bodi ya shule yenye mdhamini yaweza, kabla ya kundi la pili kuripoti, kukaa mchana mmoja na kuandika kwa Kiswahili chepesi: ni nani tunaowapokea, ni nini hatutawalazimisha, ni nini tunachowadai, na ni nani atakayelipa. Kisha karatasi hiyo ipelekwe kwa mzazi pamoja na barua ya kujiunga, juu kabisa, kabla ya orodha ya godoro na ndoo.